Vodou ya Haiti na zombi wa filamu: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Zombi ni maiti anayekula watu

Vodou ni dini ya Haiti yenye asili ya Afrika. Huko Haiti, neno zombi lilikotoka, hakuna anayeogopa kung'atwa na zombi. Kinachoogopwa ni kugeuzwa zombi. Katika masimulizi ya huko, zombi ni mtu aliyenyang'anywa utashi: bokò, yaani mchawi wa kukodiwa, amemtoa kaburini na kumpeleka shambani, akakate miwa bila ujira, bila kusema, bila kulijua hata jina lake. Chakula chake hakitiwi chumvi, maana akiionja tu atazinduka na kwenda zake.

Huo ni utumwa wenyewe unaosimuliwa. Mababu wa wasimulizi walikata miwa hiyohiyo katika mashamba ya Wafaransa, wakapigana mpaka wakapata uhuru mwaka 1804. Kwa watu hao, linalozidi kifo kwa ubaya ni kufanyishwa kazi hata baada ya kufa. Serikali nayo ililichukulia jambo hili kwa uzito: marekebisho ya sheria ya jinai ya mwaka 1864, kifungu cha 246, yalihesabu kuwa ni jaribio la kuua kumpa mtu kitu cha kumtia usingizi mzito unaofanana na kifo. Akizikwa katika hali hiyo, kosa ni mauaji.

Zombi alifikaje kwenye sinema? Jeshi la Marekani liliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, na katika miaka hiyo wakulima walishurutishwa kujenga barabara bila malipo. Kitabu cha msafiri William Seabrook cha mwaka 1929 kiliwapelekea Wamarekani habari za zombi, na mwaka 1932 ikatoka filamu ya White Zombie, ambamo Bela Lugosi ni bwana wa kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na wafu. Hapo zombi bado ni mtumwa. Mwaka 1968 mwongozaji George Romero, katika Night of the Living Dead, akaonyesha wafu wanaokula nyama za watu. Neno zombi halitamkwi hata mara moja katika filamu hiyo. Watazamaji ndio waliolipachika. Tangu hapo aliyedhulumiwa akawa ndiye wa kupigwa risasi ya kichwa, na bwana wa shamba akatoweka kabisa kwenye hadithi. Kati ya makosa yote ya filamu kuhusu Vodou, hili ndilo linaloumiza zaidi.

Dhana: Vodou ni kuchoma sanamu kwa pini ili adui aumie

Kumdhuru mtu kupitia sanamu yake ni imani ya zamani ya Ulaya. Mfalme James, aliyetawala Scotland kisha Uingereza, aliandika juu ya wachawi wanaoyeyusha sanamu za nta katika kitabu chake cha mwaka 1597. Sanamu zinazouzwa New Orleans, Marekani, pamoja na pini zake ni bidhaa ya watalii. Haiti utakuta wanasesere wamefungwa makaburini au njia panda, nao ni wajumbe wa kupeleka maombi kwa waliokufa. Utakuta pia pakèt kongo, fundo la kitambaa lililojazwa majani na kufungwa kwa utepe, la kinga na uponyaji.

Jina hilo la Kongo lina maana yake. Waliovushwa bahari hawakutoka Dahomey (Benin ya leo) peke yake, ambako neno vodun linamaanisha roho. Wengi walitoka nchi ya Wakongo, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili atasikia ndugu wa maneno yake: Haiti wanga ni dawa ya kumfunga mtu, na kwetu wanga ni wachawi wa usiku, Kuba, katika dini ya Palo, kuna nganga, chungu cha roho, nasi tuna mganga.

Dhana: Ibada ni fujo ya damu, nyoka na watu waliopagawa

Ibada ina utaratibu, na anayeuvuruga hukemewa palepale. Hufanyika kwenye ukumbi uitwao peristil, kuzunguka nguzo ya kati, poto mitan, ambayo lwa, yaani roho, hupitia. Houngan (kiongozi mwanamume) au manbo (mwanamke) hushika ason, kibuyu kilichovishwa wavu wa shanga na pingili za mgongo wa nyoka. Kwa kawaida nyoka wa ibada ni huyo tu. Baada ya sala, Legba huitwa kwanza kwa sababu yeye ndiye bawabu. Asipofungua, hapiti mwingine. Ngoma za Rada, kundi mojawapo la lwa, ni tatu: manman, segon na boula. Alama ya lwa, vèvè, huchorwa sakafuni kwa unga wa mahindi unaodondoshwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha miguu ya wachezaji huifuta. Ukiiona kwenye filamu imechorwa ukutani kwa damu, aliyeiweka hapo hakujali ni ya nini.

Aliyepandwa na lwa huitwa farasi, chwal. Waswahili wa pwani humwita kiti. Wasaidizi humdaka asianguke, humvua viatu, humvika mavazi ya lwa aliyefika. Danbala, lwa wa nyoka, hupewa yai na vitu vyeupe. Mbuzi wa kafara huoshwa na kupewa majani. Akigoma kula, ni dalili kwamba hakukubaliwa. Akichinjwa hupikwa, na watu wanakula.

Dhana: Baron Samdi ni muuaji

Ndivyo anavyoonekana katika filamu ya James Bond ya mwaka 1973. Ndani ya Vodou yeye ndiye mlinzi wa makaburi, na bila yeye kuchimba kaburi mtu hafi. Kwa hiyo mzazi wa mtoto mgonjwa humwendea yeye, kumsihi asichimbe. Tarehe 1 na 2 Novemba jamaa zake, lwa waitwao Gede, huwapanda watu na kunywa pombe kali ya miwa iliyolowekwa pilipili 21. Anayeigiza kupandwa huumbuka hapo.

Dhana: Wahaiti waliweka mkataba na shetani

Vodou ina Mungu mmoja, Bondye, na haina shetani anayeabudiwa. Dhana hii imesukwa kutokana na mkutano wa Bwa Kayiman wa Agosti 1791, ulioongozwa na Boukman, ambapo watumwa waliapa kuasi. Mhubiri wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson, aliirudia tarehe 13 Januari 2010, siku moja baada ya tetemeko la ardhi, wakati watu bado wamefukiwa na vifusi.

Haiti iliitambua Vodou rasmi kuwa dini kwa amri ya Aprili 2003, lakini amri haikuwalinda wafuasi wake. Kipindupindu kilipozuka Oktoba 2010, watu waliwatuhumu wahoungan na wamanbo kwamba wanakisambaza kwa unga wa kichawi. Zaidi ya 40 waliuawa kwa mapanga na mawe kabla mwaka haujaisha. Vimelea vilikuwa vimetoka kwenye kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, ambayo maji yake machafu yaliingia mtoni. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti Desemba 2016.