"Pissed": kalewa au kakasirika?

Kazi yangu ni kufasiri Kiingereza kwenda Kiswahili, na neno lililonitia aibu kuliko yote lina silabi moja. Mmarekani aliandika katika barua kuhusu jirani yake: "He was pissed." Nikafasiri "alikuwa amelewa". Siku mbili baadaye mteja akanipigia simu: jirani huyo hajawahi kuonja pombe. Alikuwa amekasirika. Kwa Mwingereza neno hilo ni ulevi, na akitaka hasira huongeza "off". Mmarekani hulitumia peke yake kwa hasira. Nilikuwa nimemsingizia mtu ulevi kwa maandishi, na bado linaniuma. Sasa nauliza kwanza msemaji katoka wapi.

Kiingereza kina utajiri wa ajabu hapa. Mwaka 1737 Benjamin Franklin, mwandishi na mchapishaji wa Marekani, alichapisha katika gazeti lake, Pennsylvania Gazette, misemo zaidi ya 200 ya kusema mtu kalewa. Na misemo haiishi kuzaliwa, maana Waingereza huchukua karibu jina la kitu chochote, wakalipachika "-ed" na kutanguliza "absolutely" au "totally". "Hammered" ni kagongwa nyundo. "Plastered" ni kapigwa plasta. Hata mtu akisema "gazeboed", kutokana na kibanda cha bustanini, wenzake baa Ijumaa jioni watamwelewa. Maana haimo kwenye nyundo wala kibanda, imo kwenye umbo la sentensi.

Sisi kitenzi chetu ni kilekile, lewa, na uzito tunauweka nyuma yake: chakari, tilalila, bwii. Kwa hiyo nyundo naiacha. Kijana akiwasimulia wenzake, "hammered" naiandika "kalewa bwii". "Tipsy" ni mtu aliyechangamka tu. Ukimwita mlevi umemwonea.

Msemo ninaoupenda ni "three sheets to the wind". Wengi hudhani "sheets" ni mashuka, au matanga yenyewe. Ni kamba za kulidhibiti tanga, na mabaharia wa pwani yetu wanalo neno lake: demani. Demani ikifyatuka, tanga hupigapiga hovyo na chombo huyumba. Sasa zifyatuke tatu! Ndiye yule anayetoka baa huku kashika ukuta, hatua moja mbele, mbili pembeni. Juzi niliandika "kalewa, demani zote tatu zimefyatuka". Mhariri wangu, mtu wa bara, akauliza demani ni kitu gani. Nikamchorea tanga na kamba yake kwenye karatasi, na sentensi ikabaki.