Mchochota si damu chafu

Mtu akiota jipu, hakosekani wa kumwambia, "Damu yako chafu hiyo." Juzi nimeyasikia tena dukani kwa dawa, akiambiwa mama aliyebeba mtoto mwenye pumu ya ngozi kwenye vikunjo vya viwiko. Akauziwa antibayotiki, akaondoka.

Kinachosingiziwa damu chafu kina jina lake: mchochota. Ngozi ikiumia, ikiingiliwa na vijidudu au ikikutana na kitu isichokipenda, seli zilizomo humo hutoa kemikali, histamini ikiwamo. Mishipa midogo hutanuka, majimaji huvuja, na seli nyeupe za damu hujipenyeza kwenye kuta za mishipa kwenda palipoharibika. Ndiyo hivyo tu.

Neno limetoka kwenye kuchochota, yale maumivu ya kuwasha na kuchomachoma. Walatini nao waliona moto: inflammare kwao ni kuwasha moto. Celsus, Mroma wa karne ya 1, alitaja dalili 4: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Huo wekundu umewapoteza wengi, maana kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau. Gusa kwa mgongo wa kiganja, joto utalisikia.

Kinachoniudhi zaidi ni mchochota kufanywa kitu kimoja na maambukizi. Maambukizi ni vijidudu kuingia na kuzaana. Mchochota ni jibu la mwili wako mwenyewe. Kwenye jipu vyote viwili vipo. Ule usaha unaokamuliwa kwa karaha (na jipu halikamuliwi, tafadhali) kwa sehemu kubwa ni seli nyeupe zilizofia kazini, pamoja na bakteria na mabaki ya nyama iliyooza. Damu haijatapika uchafu wowote hapo.

Pumu ya ngozi ni habari nyingine. Yenyewe huweza kuwaka bila maambukizi yoyote: seli nyeupe za kundi la T huchachamaa kana kwamba adui yupo, na kemikali zake ndizo zinazomfanya mtoto ajikune usiku kucha. Antibayotiki haiuzimi moto huo. Akijikuna hadi ngozi ikachubuka, bakteria wanaweza kuingia, na hapo dawa hiyo huwa na kazi.

Kwa hiyo muuzaji angeanza kwa kuuliza kama vidonda vinatoa majimaji au vimeganda magamba ya njano. Kama havina, angemwambia mama, "Ngozi ya mwanao ina mchochota, mpeleke akaonwe na daktari." Na damu ya mtoto angeiacha ilivyo.