Mkunga "salama kwa matumbawe": maana yake nini hasa?

Kwenye maduka ya samaki wa mapambo wa maji chumvi, kila tangi huwa limebandikwa kikaratasi chenye jina la samaki, bei yake, na mara nyingi maneno haya: salama kwa matumbawe. Kwa vitatange maneno hayo hayana utata. Wengi wao hudonoa matumbawe, kwa hiyo hawafai, basi. Kwa mkunga, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, maneno hayohayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado mnunuzi akaingia hasara.

Samaki anaitwa salama kwa matumbawe akiweza kukaa kwenye tangi lenye matumbawe hai bila kuyala, kuyadonoa wala kuyaharibu. Tumbawe lenyewe ni kundi la wanyama wadogo laini wanaojijengea makazi ya chokaa, na wapo samaki ambao wanyama hao ndio chakula chao. Mkunga hayumo. Yeye anakula nyama ya windo linalokimbia au linalojificha, na tumbawe kwake ni ukuta tu wa kupita kando yake. Kwa kipimo hicho karibu mikunga wote wamefaulu, hata yule mkubwa wa Gymnothorax javanicus anayefikia mita 3.

Tatizo ni kwamba tangi la nyumbani halina matumbawe peke yake. Lina kamba wadogo wanaosafisha samaki wenzao, konokono wanaokwangua mwani kwenye kioo, kaa wanaohamia kwenye makombe ya konokono waliokufa, na samaki wadogo wa rangi waliogharimu pesa nyingi kuliko mkunga mwenyewe. Kikaratasi cha dukani hakisemi lolote juu ya hao. Ndiyo maana mimi naona swali la maana zaidi si kama mkunga yuko salama kwa matumbawe, bali ana meno ya namna gani.

Mikunga unaweza kuwagawa mafungu mawili kwa meno. Kuna wenye meno marefu yaliyochongoka, wengi wao wa jenasi ya Gymnothorax, ambao ni wala samaki. Huyu ukimweka na kifuu au kangaja mdogo, ni suala la siku tu. Halafu kuna wenye meno butu kama kokoto, yaliyopangana kwa ajili ya kusaga magamba ya kaa. Wanaofugwa zaidi katika fungu hili ni Echidna nebulosa, mwenye mwili mweupe na safu mbili za madoa meusi yanayofanana na nyota, na mkunga pundamilia, Gymnomuraena zebra, mwenye mistari mwili mzima. Wote wawili wanapatikana pwani yetu ya Afrika Mashariki na kuvuka Bahari ya Hindi na Pasifiki hadi Amerika ya Kati. Duka linaposema mkunga wake anafaa kukaa na matumbawe, mara nyingi linamaanisha Echidna nebulosa.

Na kweli anafaa, ila kwa masharti. Samaki wengi wenzake atawaacha. Kaa na kamba hatawaacha. Wapo wafugaji wanaosema mkunga wao anaishi kwa amani na kamba msafishaji, hata anamruhusu amtoe uchafu mdomoni, na hilo hutokea. Lakini si la kutegemea: kamba akishajivua gamba, mwili ukiwa bado laini, amani hiyo inaweza kuisha usiku mmoja. Mwenye kuwapenda kamba wake asimlete mkunga.

Kinachowachanganya watu ni jinsi anavyokula. Mkunga haoni vizuri. Anaongozwa na pua. Ukimtazama Echidna wakati wa kulishwa utaona vijibomba viwili vya rangi ya njano vimechomoza juu ya mdomo wake. Hivyo ndivyo matundu ya pua. Kichwa kinatoka jiweni, kinayumba huku na huku, kinapita kipande cha ngisi bila kukiona, kinarudi, kisha ghafla kinang'ata. Muda wote mdomo unafunguka na kufumba. Mgeni hudhani anatishia, kumbe anapitisha maji kwenye mashavu ili apumue. Windo likiwa kubwa, hujipiga fundo kwa mwili wake mwenyewe na kulivuta kupitia katika fundo hilo mpaka lichanike.

Ndani ya koo ana taya za pili. Mwaka 2007 watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walieleza katika jarida la Nature jinsi taya hizo zinavyofanya kazi kwa mkunga wa aina ya Muraena retifera. Samaki wengi humeza kwa kufyonza maji pamoja na windo. Mkunga, kwa wembamba wa kichwa chake, hana nguvu hiyo, kwa hiyo taya za kooni hurukia mbele, hukamata windo na kuliburuta hadi kwenye umio. Mwaka 2021 Mehta na Kyle Donohoe walionyesha kwamba Echidna nebulosa anaweza kutoka majini, akakamata chakula nchi kavu na kukimeza hukohuko bila kurudi kwenye maji. Mnyama anayefuata kaa juu ya miamba maji yakitoka ameumbiwa hilo.

Mwenye tangi inafaa alielewe hilo mapema, kwa sababu mkunga hutoroka. Nafasi ya kupitisha waya wa pampu inamtosha. Wengine hupita kwenye mfereji wa maji yanayofurika na kuishia kwenye tangi la chini la kuchujia, na hao ndio wenye bahati. Wengine huokotwa asubuhi sakafuni wamekauka. Kifuniko kizito, chenye wavu kwenye kila mwanya, kiwepo kabla mkunga hajafika. Wafugaji wa matumbawe wengi hupenda tangi lililo wazi kwa ajili ya taa na hewa. Hapo inabidi uchague.

Tukirudi kwa matumbawe yenyewe: mkunga hayali, lakini anaweza kuyaua kwa njia nyingine mbili.

Ya kwanza ni mwili wake. Echidna huishia kwenye sentimita 60 hadi 75, na huweza kufika mita moja. Huo ni msuli mtupu unaojipenyeza usiku kati ya mawe. Kipande cha tumbawe kilichowekwa tu juu ya jiwe bila gundi kitaanguka, na kikiangukia tumbawe jingine yataunguzana. Mawe makubwa yakalishwe moja kwa moja kwenye kioo cha chini, mchanga umwagwe baadaye, la sivyo mkunga atachimbua chini yake na rundo zima liporomoke. Kipande cha bomba la plastiki kilichofichwa nyuma ya mawe humpa maficho na kumpunguzia haja ya kuhamahama.

Ya pili ndiyo inayowaangusha wengi, maana haionekani. Mkunga anakula nyama kwa mafungu makubwa na kinyesi chake ni hivyohivyo. Amonia inayotoka humo hugeuzwa na bakteria kuwa nitriti, kisha nitrati. Fosfati nayo hupanda. Samaki atavumilia. Matumbawe laini ya aina ya ngozi nayo huvumilia kiasi. Ila matumbawe magumu yenye matawi hufifia rangi, mwani unatanda juu yake, na mwenye tangi anabaki akilaumu taa. Ukitaka vyote viwili, panga chombo cha kutoa uchafu kwa povu chenye uwezo mkubwa kuliko kinachotajwa kwa ukubwa wa tangi lako, badilisha maji mara kwa mara, na usimlishe kila siku. Mkunga mkubwa anatosheka na milo miwili au mitatu kwa wiki: ngisi, kamba, vipande vya kaa, samaki wa baharini. Samaki hai wa maji baridi wa kulishia waache. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na ukiwategemea kwa muda mrefu mkunga anadhoofika.

Tangi la lita 200 ndilo la kuanzia kwa Echidna. Mkunga pundamilia, anayefika mita 1.5, anahitaji kubwa zaidi ya hapo mara mbili au tatu. Mkunga hana magamba, ana ute tu, na dawa za shaba zinazotumika kutibu samaki wagonjwa humdhuru. Bahati nzuri hilo halikuongezei sheria mpya, kwani shaba ni sumu kwa matumbawe na konokono pia. Mlishe kwa koleo refu. Hachukii mkono, ila kwa pua yake kidole chenye harufu ya ngisi ni ngisi.

Yupo mmoja anayeonekana kutimiza kila sharti: Rhinomuraena quaesita, mwembamba kama utepe, mweusi akiwa mdogo, wa buluu akiwa dume, kisha njano akigeuka jike. Hagusi matumbawe, habomoi mawe, na ni mzuri kuliko wote. Kikaratasi chake kitasema salama, na hakitakuwa kimedanganya. Lakini wengi wa aina hii hugoma kula wakishatolewa baharini na hufa kwa njaa ndani ya wiki chache, huku matumbawe yanayowazunguka yakiendelea kunawiri. Kama umemtamani, mwambie muuzaji amlishe mbele yako kabla hujatoa pesa, na akikwambia amekula jana, rudi kesho.