WiFi siyo intaneti, hata kengele ya geti inajua

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, shemeji yangu wa Mamboleo alinipigia simu akilalamika kwamba kengele yake mpya ya geti, ile yenye kamera, "imekataa WiFi". Kijana wa boda alikuwa ameleta mtungi wa gesi, akabonyeza kengele, ikalia. Spika yake ndogo iliyochomekwa sebuleni nayo ikalia. Simu ya shemeji, iliyopaswa kuonyesha uso wa kijana, ikabaki kimya.

Nikamuuliza kama simu inaonyesha ile alama ya WiFi. Inaonyesha. YouTube je, inafunguka? Haifunguki. "Basi WiFi iko," nikamwambia, "kilichopotea ni intaneti." Akanyamaza kidogo. "Shem, si hivyo ni vitu vilevile?"

Si vilevile. WiFi ni mawimbi ya redio yanayobeba data kati ya vifaa vyako na ruta, kile kisanduku chenye taa kilicho nyumbani mwako. Intaneti ni mitandao ya dunia nzima iliyounganishwa, nayo inaingia kwako kwa kebo ya faiba au kwa laini ya simu iliyomo ndani ya ruta. Ruta isiyolipiwa hata shilingi itamwaga WiFi mchana kutwa, mradi ina stima. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachonikera ni jinsi tulivyofika hapa. Tunasema "nimelipia WiFi", "WiFi imeisha", "niuzie WiFi ya kumi". Hakuna anayelipia WiFi kila mwezi. Uliinunua siku uliyonunua ruta. Unacholipia ni njia ya kutoka nje. Ni kama mtu mwenye mifereji safi jikoni, maji ya kaunti yakikatika anapiga kelele kwamba mfereji umeisha.

Sehemu ya lawama naiweka kwa neno letu wenyewe, mtandao. Ni neno zuri kupita kiasi. Limetokana na tanda, shina lilelile la mawingu yaliyotanda, la kitanda na kutandika, la utando wa buibui. Chochote kilichosambaa na kushikana kinaweza kuitwa mtandao, na ndivyo tulivyofanya. Safaricom ni mtandao. Intaneti ni mtandao. Vifaa vitano vilivyoshikana na ruta ya sebuleni ni mtandao pia. Mtu akikwambia "mtandao hakuna", hujui kama laini ya simu imezama, kebo imekatika au yeye mwenyewe amekaa mbali na ruta. Watu walihitaji neno jembamba zaidi, wakaokota WiFi kwa sababu ndilo lililoonekana kwenye kioo cha simu. Hilo nawasamehe. Wenzao wa Kiingereza hawako mbali: intaneti kwao ilianza kama ufupisho wa "internetworking", kuunganisha mtandao na mtandao, na neno hilo limo katika waraka wa kitaalamu wa mwaka 1974. Yaani maana ya "mtandao wa mitandao" ilikuwa ndani ya jina tangu mwanzo.

Nisiowasamehe ni wale wanaojitokeza kumsahihisha mwenzao kwa kosa jingine. Ukitaja WiFi mezani, hakosi mmoja wa kukukata kauli akueleze kwamba herufi hizo ni kifupi cha "Wireless Fidelity", uaminifu usio na waya. Uaminifu kwa nani? Mwaka 1999 kampuni kadhaa ziliunda umoja wa kuhakikisha vifaa vyao vinasikilizana kwa kanuni iitwayo IEEE 802.11b. Jina hilo halingeuza hata redio ya betri, kwa hiyo wakawaajiri Interbrand, watu ambao kazi yao ni kubuni majina. Interbrand wakaleta Wi-Fi, wakicheza na Hi-Fi, neno ambalo wazee wetu walilijua kutoka kwenye redio kubwa za sebuleni na santuri. Hi-Fi ni kifupi kweli, cha "High Fidelity", yaani sauti aminifu kwa ile ya asili. Wi-Fi ilibuniwa ivutie sikio tu. Yale maneno ya "Wireless Fidelity" yalitiwa baadaye kwenye tangazo, maana baadhi yao waliogopa kuuza jina lisilo na tafsiri, kisha wakayaacha. Mwaka 2002 umoja wenyewe ukajiita Wi-Fi Alliance. Kwa hiyo ukikutana na mtaalamu wa mezani, mpe chai aendelee kupoa.

Turudi getini, maana kengele ndiyo inayoonyesha tofauti hii kuliko kifaa kingine chochote nyumbani. Mgeni akibonyeza, picha inatoka kwenye kengele kwenda kwa ruta: hiyo ndiyo WiFi, safari ya hatua chache. Kutoka kwa ruta inaingia intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kengele, huko ng'ambo, ndipo inarudi kwenye simu yako. Kwa aina nyingi iko hivyo hata kama wewe umekaa mita kumi kutoka getini. Kwa shemeji hatua ya kwanza ilikuwa nzima, na spika yake ya ndani inaongea na kengele moja kwa moja, ndiyo maana ililia. Hatua ya pili ilikuwa imekufa: taa ndogo ya ruta yenye herufi LOS ilikuwa nyekundu, yaani mwanga wa faiba haufiki. Asubuhi tukasikia lori lilikuwa limeng'oa kebo barabarani. Kengele haikuwa na kosa lolote, ila shemeji alikuwa ameshaing'oa ukutani.

Tofauti hiyohiyo ina upande wake mtamu. Shemeji aliamini kwamba lazima simu iwe kwenye WiFi ya nyumbani ndipo amjibu mgeni. Hapana. Kengele ndiyo inayohitaji ruta. Simu inahitaji intaneti yoyote. Akiwa Bondo matangani na bando lake, atamwona mtu wa gesi na kumwambia aache mtungi kwa jirani.

Na kuna kosa linaloitwa intaneti wakati ni WiFi kabisa. Geti la chuma lililofunikwa kuanzia juu hadi chini, ukuta wa mawe, nguzo ya zege: vyote vinakula mawimbi. Kabla hujatoboa tundu hata moja, zima data ya simu, simama pale kengele itakapokaa, funga geti, ucheze video. Ikisuasua hapo, kengele nayo itasuasua, hata kama unalipia kifurushi cha kasi cha kuogofya. Kasi hiyo ni ya faiba, na inaishia kwenye ruta. Tena kengele inapandisha picha, haiteremshi. Megabiti 1 au 2 kwa sekunde za kupandisha zinaitosha, bora zifike.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kengele nyingi zinajua hiyo 2.4 peke yake, na si kwa ubahili tu: wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi, la 5 ni kama nusu yake, na wimbi refu hupenya ukuta vizuri zaidi. Ikiwa ruta imeyapa yote mawili jina moja na kengele inagoma kuunganishwa, ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko cha chini) uyatenganishe majina, kisha uipe kengele lile la 2.4.

Wa "WiFi ya kumi" nao wasikie. Jirani mmoja Nyalenda alinunua kengele akitegemea ile hotispoti ya mtaa ambayo unaingiza nambari ya vocha kwenye ukurasa ndipo inafunguka. Kengele haina kioo wala vidole. Itaipata WiFi, itakaa mbele ya ukurasa isiouona, na haitaenda popote. Hapo una WiFi bila intaneti, hata kama vocha umeilipia.

Kuhusu kuchagua sina mengi. Chukua ya betri ya kuchaji, isipokuwa una fundi wa stima unayemwamini: za waya zilizotengenezewa soko la Marekani hutaka volti 16 hadi 24 kutoka kwenye transfoma ya kengele, na nyumba zetu zina 240. Kwa mvua za huku, tafuta iliyoandikwa IP65, alama ya kuzuia vumbi na maji, na inayohifadhi picha kwenye kadi yake yenyewe, ili kebo ikikatika ibaki na kumbukumbu. Stima ikipotea, kengele ya betri itabaki hai lakini ruta itakufa, kwa hiyo ruta nayo itafutie betri ndogo.

Basi shemeji, ukinipigia tena usiku, nitapokea. Ila anza kwa kuniambia taa za ruta ziko vipi. Ukikuta LOS ni nyekundu, sema intaneti imepotea, na uiache kengele ukutani. Ukikuta taa zote ziko shwari, simu inafungua kila kitu, na kengele peke yake ndiyo haipatikani, hapo una ruhusa kamili ya kusema WiFi.