Zawadi rafiki kwa mazingira: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Karatasi ya kufungia zawadi ni karatasi, itaoza.

Zile zinazong'aa kwa rangi ya dhahabu au fedha mara nyingi ni plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu. Haziozi, na zikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu. Kipimo ni rahisi: finyanga kipande mkononi kiwe donge, kisha kiachie. Kikibaki kimejikunja ni karatasi; kikijikunjua chenyewe ni plastiki.

Kwa zawadi ya harusi au ya mzazi aliyejifungua, kanga inatosha. Tandaza upande mmoja wa doti, weka boksi katikati kwa mshazari, funika kwa pembe mbili zinazoelekeana, kisha funga fundo kwa mbili zilizobaki. Upande wa pili uweke ndani ili doti isipungue. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo boksi la sentimita 40 linaingia bila shida. Ila soma jina la kanga kwanza! Fumbo la ugomvi likifika kwa bibi harusi, zawadi imeharibika.

Dhana: Mfuko usio wa nailoni ni wa kitambaa.

Ile mifuko laini yenye vidoa vidogo vilivyobonyea, inayouzwa kama mbadala, imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya nailoni tarehe 28 Agosti 2017, hii ikajaa sokoni, na mwaka 2019 nayo ikazuiwa. Tanzania inaikubali ikiwa na angalau gramu 70 kwa mita ya mraba. Iliyo nyepesi zaidi hukatika mikono mapema na kugeuka taka.

Hata wa pamba una gharama yake. Utafiti wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba ni lazima utumike mara 131 ili mchango wake katika joto la dunia uwe chini ya ule wa mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Mwenye mifuko mitatu tayari usimpe wa nne. Kikapu cha ukindu ni bora, mradi kisiwe kimesukwa kwa kamba za plastiki.

Dhana: Ukimpa mtu mche, umeshafanya wema.

Hapa ndipo nia njema inapopotea zaidi, kwa sababu mche hufa kimya kimya. Anza kwa kuuliza: ana ardhi? Muembe unataka kama mita 10 kutoka ukutani. Aliyepanga chumba mpe mchaichai kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Mkaratusi usimpe mtu mwenye kisima au anayeishi karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi.

Toa mche mwanzoni mwa masika au vuli, si katikati ya kiangazi. Chagua uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, kwani muembe wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi minne hivi. Angalia chini ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulioota mche: mizizi ikiwa imetoka na kujizungusha, uache.

Pamoja na mche, andika maelekezo. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kiriba kivuliwe chote, kwa sababu kukata kitako peke yake huiacha mizizi ikizunguka humo humo mpaka mti udumae. Pale ulipobebeshewa pabaki juu ya udongo. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, yawekwe, lakini yasiguse shina, la sivyo litaoza.

Dhana: Kitu cha asili hakina madhara.

Makombe makubwa yanayouzwa ufukweni hayakuokotwa yote matupu. Wengi wa konokono wa baharini wenye makombe hayo hutolewa majini wakiwa hai. Mmoja wao, Charonia tritonis, yule ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu, hula aina ya kiti cha pweza (kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota) anayemaliza matumbawe. Na bangili au kitana cha gamba la ng'amba, aina ya kasa, usinunue kabisa: biashara yake ya kimataifa imekatazwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na uliyempa anaweza kukamatwa nacho uwanja wa ndege.