Mkwaju hauweki mbolea shambani

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wenye mashamba Chalinze au Dodoma huamini kwamba ukinunua mche wowote wa jamii ya mikunde kwenye vitalu vya barabarani, ukaupanda kati ya mahindi, umeagana na urea, mbolea ya dukani yenye naitrojeni. Si kweli, na mkwaju ni ushahidi: unazaa maganda, lakini mizizi yake haina vinundu, yaani vivimbe vidogo vinavyonasa naitrojeni. Mjohoro vilevile.

Hewa ina asilimia 78 ya naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Wanaoinasa ni bakteria waitwao rizobia, wanaoishi ndani ya vinundu vya miti ya mikunde kama gliricidia. Mti huwalisha sukari, nao huulipa naitrojeni. Fukua taratibu mzizi mwembamba, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Cheupe au kijani, hamna kitu. Udongo ukikauka sana au ukikosa fosforasi, bakteria hulegea, na mashamba mengi ya nyanda kavu yana shida zote mbili.

Halafu mahindi ya jirani hayanyonyi kutoka kwenye mti wenyewe. Sehemu kubwa ya naitrojeni huyafikia mahindi pale majani ya mti yakishaanguka au kupogolewa, yakaozeshwa na vijidudu wengine kabisa. Ukikata matawi yote ukalisha mbuzi bila kurudisha samadi (na wengi ndivyo tufanyavyo), kilichobaki ni kivuli zaidi kuliko mbolea.

Mti wa mikunde uitwao Faidherbia albida una nafuu kwenye suala la kivuli: hupukutisha majani mvua zinapoanza, hivyo haugombei mwanga na mahindi.