Pima kitanda, jiko na choo kabla ya kumwaga jamvi

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu na picha kwenye simu: choo kipya cha kukaa, nailoni bado haijatolewa, na tundu lake la chini halikutani na bomba la maji taka. Tukaenda saiti na futi. Bomba la inchi 4 lilichomoza sakafuni, katikati yake ikiwa sentimita 30 kamili kutoka kwenye tofali, kama karatasi ya vipimo vya choo ilivyoagiza. Fundi alipima sawasawa, ila zile sentimita 30 huhesabiwa kutoka kwenye ukuta uliokwisha malizwa. Plasta ilikula sentimita 2, gundi na kigae vikala 1.5, na choo kikabaki kinadai sentimita 3 na nusu ambazo hazipo. Vigae viling'olewa, sakafu ikapasuliwa kwa tindo, na familia iliyokuwa imeshafunga mizigo ikasubiri.

Kosa hili tunakutana nalo sana. Ramani nyingi huandikwa vipimo vya tofali kwa tofali, lakini hakuna anayeishi kwenye tofali. Chumba kinachosomeka mita 3 kwa 3 kwenye karatasi, kikishapigwa plasta pande zote, ni mita 2.96. Bafuni, vigae vikibandikwa ukutani, unabaki na kama mita 2.93. Sentimita 7 zinaonekana ndogo mpaka siku mlango utakapogonga beseni.

Kwa hiyo choo ukichague kabla jamvi, yaani zege la sakafu, halijamwagwa. Kama fedha ya kukinunua haijapatikana, nenda dukani uombe karatasi ya vipimo vya kile unachokusudia, umpe fundi bomba. Muulize pia muuzaji kama kinatolea maji chini sakafuni au nyuma ukutani, maana mabomba yake hayalali mahali pamoja. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa kila upande acha sentimita 40 au zaidi, na mbele yake sentimita 60 za kusimama na kugeuka. Shawa ipewe sentimita 90 kwa 90. Na mlango wa choo, nafasi ikiruhusu, ufunguke kwa nje: mzee akianguka ndani, mlango unaofungukia kwake atauzuia kwa mwili wake mwenyewe, na hapo ndipo watu huanza kutafuta shoka.

Chumba cha kulala nacho kina hesabu yake. Godoro la futi 6 kwa 6 ni sentimita 183 kila upande. Ukiongeza mbao za kitanda na ubao wa kichwani, unahitaji kama 195 kwa upana na 205 kwa urefu. Kabati la nguo linataka kina cha sentimita 60, la sivyo nguo kwenye henga zitabanwa na milango. Sasa rudi kwenye kile chumba cha mita 3. Toa 205 za kitanda na 60 za kabati kwenye 296, unabaki na sentimita 31 kati ya miguu ya kitanda na kabati. Milango ya kabati haifunguki, na mtu hapiti ila kiubavu. Chumba hichohicho kikiwa na urefu wa mita 3.6, nafasi hiyo inakuwa sentimita 91, na mambo yote yanakaa sawa. Kama kiwanja hakitoshi, kitanda cha futi 5 kwa 6, kabati likikaa ubavuni mwake badala ya miguuni, ni uamuzi wa busara, mradi uamuliwe kwenye ramani.

Jikoni ndipo ninapoomba umakini zaidi, hasa kwa akina baba wanaosimamia ujenzi bila kumuuliza anayepika. Urefu wa kaunta unaonakiliwa kila mahali ni sentimita 90, na kina chake 60. Kipimo hiki kinamfaa mtu mrefu anayekata mboga. Lakini sehemu ya kufanyia kazi inapaswa kuwa chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 156 kiwiko chake kiko kama sentimita 98 kutoka chini, kwa hiyo kaunta yake ni 85.

Halafu njoo kwenye ugali. Weka jiko la gesi la mezani, lenye kimo cha sentimita 12, juu ya kaunta ya 90. Juu yake weka sufuria ya sentimita 18. Mdomo wa sufuria sasa uko sentimita 120, juu kabisa ya kiwiko. Hapo anayesonga hawezi kuuegemea mwiko kwa uzito wa mwili. Anausukuma kwa mabega tu, mvuke ukimpiga usoni, na ndiyo maana nyumba nyingi nzuri utakuta jiko limerudishwa chini sakafuni au kwenye kistuli nje. Dawa yake ni rahisi: kipande cha kaunta kitakachobeba jiko kishushwe hadi sentimita 70. Mwambie mpishi avae viatu anavyovaa jikoni, asimame, akunje mkono, umpime. Kipimo chake kina uzito kuliko cha kitabu chochote.

Kama kaunta ziko mbili zinazotazamana, acha sentimita 120 kati yake. Makabati ya juu yaanze sentimita 50 hivi kutoka usawa wa kaunta. Mtungi wa gesi usifungiwe kabatini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hulala chini ikisubiri cheche. Uweke nje, penye hewa, na mpira wake uwe na njia iliyoachwa ukutani tangu mwanzo.

Milango nitaipitia haraka. Uwazi wa sentimita 90, ukitoa fremu ya inchi 2 kila upande, unabaki na 80. Hiyo inatosha kiti cha magurudumu, ambacho upana wake kwa kawaida ni kama 65. Uwazi wa 75 hautoshi, na wazazi wetu wanazeeka. Korido iwe mita 1.2.

Swichi huwekwa sentimita 120 hadi 140 kutoka sakafuni, upande wa kitasa na si wa bawaba. Soketi za kawaida ni 30 hadi 45, na za jikoni 110 ili zipite juu ya kaunta. Lakini sakafu ipi? Zege la kusawazisha na vigae huweza kuinua sakafu kwa sentimita 5 hadi 7, na fundi umeme anapochimba ukuta vyote hivyo havijawekwa.

Hapa ndipo mafundi wazoefu hupiga mstari wa usawa kuizunguka nyumba nzima, mita 1 juu ya pale sakafu itakapoishia. Boma likishapauliwa, tumia mpira wa maji (mpira angavu uliojazwa maji, ambayo hukaa usawa mmoja ncha zote mbili) uhamishe usawa huo kutoka chumba hadi chumba, kisha piga kwa kamba yenye rangi. Kaunta ya 85 itakuwa sentimita 15 chini ya mstari, swichi ya 120 itakuwa 20 juu yake, na kila fundi atapimia hapohapo. Mstari ukifunikwa na plasta, upigwe tena, na rangi isiguse ukuta mpaka wa umeme, wa bomba na wa makabati wote wamemaliza kupima.